Siku saba Ayalandi tukimtafuta babu: Smith wa Boston kumbe ni Mac Gabhann wa Cavan

Kabla ya safari

Hii safari ilianzia kwenye meza ya jikoni kwetu hapa Boston. Mwanangu ana miaka 9, shuleni wakampa homuweki achore mti wa ukoo, akaja na karatasi kubwa na kalamu za rangi. Upande wangu nilimtajia huku napika, bila kushika simu, bibi, baba yake bibi, fulani bin fulani mpaka mtu wa saba, maana kule kwetu Pangani bibi alikuwa anatukalisha barazani anatukaririsha kama tebo. Upande wa baba yake tukafika mtu wa tatu tukagota. Smith, Smith, Smith, halafu karatasi nyeupe. Mtoto akauliza, "Mama, kwani watu wa baba walianza juzi?"

Babu yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa amekaa palepale na chai yake. Hakujibu. Mzee ana miaka 78 na nimeishi naye nyumba moja miaka 11, najua akikasirika anakuwaje na akichoka anakuwaje, ile haikuwa hasira wala uchovu, ilikuwa kama mtu amekumbushwa deni. Usiku akanigongea mlango, akasema binti yangu, hili jambo nalitafuta toka nimestaafu na sijafika popote, utanisaidia? Nikamwambia Baba, tutaenda wote.

Alikuwa na vitu viwili tu alivyosimuliwa na wakubwa zake. Kwanza kwamba wao wametoka Lurgan. Pili kwamba jina lao la zamani walinyang'anywa na makarani wa uhamiaji pale Ellis Island, New York. Hili la pili nililiondoa siku hiyohiyo, Ellis Island ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892 na babu wa babu yake tayari yumo kwenye sensa ya Marekani ya 1850, yuko Boston, Smith tayari. Na hata wale waliopita Ellis Island kweli, makarani wa pale walikuwa wanasoma majina kwenye orodha ya abiria iliyoandikwa kule meli ilikotoka, kazi yao haikuwa kumpa mtu jina jipya. Familia nyingi zinashikilia hii hadithi na naelewa kwa nini, ni rahisi kusema karani fulani alikosea kuliko kusema hatujui.

La Lurgan ndo lilimtesa mzee miaka yote. Ukisema Lurgan kila mtu anawaza ule mji wa Lurgan wa kaunti ya Armagh, Ayalandi ya Kaskazini, ni mji mkubwa unajulikana, na yeye kapekua Smith wa Armagh mpaka macho yakamuuma. Hakuna hata mmoja aliyekaa sawa.

Kilichotufungua ni kaburi. Mume wangu na mimi tulienda kwenye makaburi ya zamani ya Wakatoliki nje kidogo ya Boston, jiwe limeliwa na mvua halisomeki kabisa mchana, tukasubiri jua lizame, tukalala chini kwenye nyasi na tochi tukaipiga kwa ubavuni, sio mbele, kwa ubavuni ili kila herufi itupe kivuli chake. Zikaanza kutokea moja moja. Mzaliwa wa parokia ya Lurgan. Halafu mstari wa chini yake, Cavan. Sio Armagh, Cavan! Kuna parokia inaitwa Lurgan kaunti ya Cavan, ni ile ya mji mdogo wa Virginia. Mzee tulipompigia simu alikaa kimya halafu akasema someni tena.

Na kitu kingine tukakipata kwenye cheti cha kifo. Massachusetts walianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo toka 1841, na karani alimwandika marehemu pamoja na wazazi wake. Baba Smith, mama jina la kwao Reilly. Shikeni hilo Reilly, ndo lililotufikisha. (Majina ya kwanza siyaweki hapa, mzee kaniomba.)

Siku ya kwanza, Dublin

Tumetua alfajiri, mimi, mume wangu na mzee. Mtoto kabaki kwa shangazi yake na masharti kwamba nimpigie kila jioni. Leo hatujafanya la maana, tumelala, tumekula supu, mzee kaenda kutembea kidogo kando ya mto Liffey.

Ila kitu kimoja. Vibao vya barabarani hapa vimeandikwa lugha mbili, Kiayalandi juu kwa herufi za kulala na Kiingereza chini. Mzee alisimama mbele ya kila kibao kama mtoto anayejifunza kusoma. Akaniuliza mnatamkaje hii, nikamwambia Baba mimi mswahili, unaniuliza mimi? Lakini usiku nimejifunza kitu nikafurahi sana. Mac maana yake ni mwana wa, yaani ni bin yetu kabisa. Ó ni mjukuu wa, au wa uzao wa. Na mwanamke haitwi Mac wala Ó, yeye ni Nic au Ní, ndo binti yetu hiyo. Sisi tunasema ubini, wao nao majina yao ni ubini mtupu, na ni kati ya watu wa mwanzo Ulaya kuwa na majina ya ukoo ya kurithishana. Nilipomwambia mtoto kwenye simu akasema basi Babu ana bin yake kaificha wapi. Hilo ndo swali lenyewe.

Siku ya pili, Dublin

Asubuhi tumesimama mbele ya Four Courts, jengo kubwa la mahakama lenye kuba, kando ya mto. Nilitaka mzee apaone kwa macho kwa sababu humo ndani ndimo ilimokuwa hazina ya kumbukumbu za Ayalandi yote. Mwaka 1922 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianzia hapa, upande uliopinga mkataba na Uingereza ulikuwa umejichimbia humo, serikali mpya ikaanza kupapiga mizinga tarehe 28 Juni, na tarehe 30 Juni ukatokea mlipuko na moto, kumbukumbu za miaka mia saba zikaenda. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 karibu zote. Wosia. Rejista zaidi ya nusu za kanisa la Kianglikana. Wanasema vipande vya karatasi zilizoungua vilikuwa vinaelea juu ya mji vikidondoka mitaani.

Lakini nimegundua watu wanaulaumu moto kuliko unavyostahili. Sensa za 1861 na 1871 hazikuungua, serikali yenyewe iliziharibu makusudi muda si mrefu baada ya kuhesabu. Za 1881 na 1891 zilisagwa zikarudi kuwa karatasi wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Hiyo inaniuma zaidi ya moto, kwa kweli, moto ni vita, hii mtu alikaa ofisini akasaini.

Kilichobaki kizima ni sensa za 1901 na 1911, zote ziko bure kwenye mtandao wa Nyaraka za Taifa. Na rejista za Wakatoliki hazikuwemo Four Courts, zilikuwa parokiani kwa mapadri, ndo maana zimesalimika. Na za 1821 kuna vipande vilivyookoka, na bahati ilivyo, kaunti ya Cavan ina vipande vya parokia 16, na Lurgan imo. Mzee aliposikia hivyo alinishika mkono barabarani hakuuachia mpaka tulipovuka daraja.

Mchana Nyaraka za Taifa, mtaa wa Bishop. Tumeuliza maswali mengi kuliko tuliyopata majibu. Smith wa Cavan ni wengi mno, ukiandika tu Smith na Cavan kwenye sensa ya 1901 unapata msitu.

Siku ya tatu, Dublin bado

Leo ndo siku. Naandika usiku mkono unatetemeka.

Tulikuwa Maktaba ya Taifa mtaa wa Kildare, wana chumba cha watu wanaotafuta ukoo, huduma ni bure, unakaa na mtu anayejua kazi. Tukampata mama mmoja wa makamo, mpole, akamsikiliza mzee mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akamuuliza swali moja: umeshamtafuta kwa jina la Gowan?

Mzee akasema hapana, kwa nini?

Yule mama akachukua penseli akaandika neno gabha. Mhunzi. Mfua chuma. Mac Gabhann ni mwana wa mhunzi, linatamkwa kama "mak-gau-an". Kuanzia hapo lilifanyiwa mambo mawili. Sehemu nyingine, Leitrim, Sligo, Donegal, walilifuata kwa masikio wakaandika McGowan. Cavan wao wengi walilitafsiri. Mhunzi kwa Kiingereza ni Smith. Kwa hiyo jina halikupotea wala hakulibadili mtu melini, lilitafsiriwa tu, na maana yake ilikuwa palepale siku zote. Mzee miaka 78 anabeba jina la babu zake hajui, watu wanamwambia wewe na Smith yako ni Mwingereza, na yeye anakubali.

Na sio wao tu. Mac an tSaoir, mwana wa fundi, leo utamkuta anaitwa Carpenter, na kwa kuwa saor pia ni mtu huru, wengine wakawa Freeman, ukoo uleule! Ó Bradáin, bradán ni samaki aina ya salmoni, wakawa Salmon na wengine Fisher. Mac Conraoi wakawa King kwa sababu tu mwisho wa jina unasikika kama neno la mfalme. Na hawa wameniumiza, Mac Conshnámha wa Leitrim, ndani yake mna neno la kuogelea, mtu akadhani amesikia neno la kivuko cha mto, wakaitwa Forde na ndo hivyo mpaka leo.

Basi tukafungua rejista za Lurgan. Maktaba walizipiga picha rejista za Wakatoliki karibu nchi nzima na toka Julai 2015 mtu yeyote anaziona bure mtandaoni, tungeweza kuzisoma tukiwa Boston jikoni, na mzee kweli alishawahi kuzisoma, lakini alikuwa anatafuta Smith tu. Yule mama alituambia acheni kufuata ubini, fuateni mahali na fuateni mama. Ubini wa baba unayumba, shikeni na jina la kwao mama, mapadri walikuwa wanaliandika.

Wino umepauka, karatasi ina doa kubwa kama la chai pembeni, herufi zimelala zote upande mmoja kama majani kwenye upepo. Mume wangu anasoma, mimi naandika, mzee ameshika kioo cha kukuzia. Tumetafuta Reilly. Mama Reilly. Mama Reilly. Cavan Reilly ndo wenyewe, walikuwa watawala wa huko enzi hizo, kwa hiyo nao ni wengi, lakini sio kama Smith. Saa nane na nusu mchana mume wangu akanyamaza. Mwaka 1828. Mtoto wa kiume, jina lile lile, mama jina lile lile Reilly, baba jina lile lile la kwanza. Ubini, Gowan.

Mzee akasema huu ukurasa mimi nimeshauona. Nimeuona mara mbili.

Tukaendelea na wadogo zake na wakubwa zake. Watoto 5 tumewapata, baba na mama walewale, wasimamizi wa ubatizo walewale wanapokezana. Wanne wameandikwa Gowan. Mmoja, wa mwisho, 1837, kaandikwa Smith. Tumbo moja! Na kwenye huyo mmoja padri kaandika na kitongoji chao. Wao wanaita kwa jina lao lakini hakuna neno linalofaa kama kitongoji, ni eneo dogo la ardhi lenye jina lake, nchi nzima viko zaidi ya elfu 60, na bila kukijua kitongoji hujampata mtu.

Nimempigia mtoto saa moja jioni. Nikamwambia andika Mac Gabhann. Akaniuliza herufi moja moja.

Siku ya nne, kwenda Virginia

Basi kutoka Dublin, tumepita Navan na Kells, mvua ile nyepesi isiyo na kelele. Ukishaingia Cavan nchi inabadilika, vilima vidogo vidogo vya mviringo vimepangana, katikati maziwa, wenyewe wanasema kaunti yao ina maziwa 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Goti la mzee limevimba, hatujatoka hotelini.

Kibao cha kuingilia mjini: Achadh an Iúir juu, Virginia chini. Jina la juu linasema ni shamba la mti fulani wa huku usiokauka majani, la chini ni heshima kwa Malkia Elizabeth wa kwanza, maana mji ulianzishwa wakati Waingereza wanagawana ardhi za Ulster, jimbo la kaskazini lenye Cavan ndani yake, kuanzia mwaka 1609 na kuleta walowezi. Kwa hiyo hata mahali penyewe pana majina mawili. Mzee amekitazama hicho kibao kupitia dirisha la basi mpaka kikapotea.

Siku ya tano, mji wa Cavan

Tumeshinda maktaba kuu ya kaunti, mtaa wa Farnham. Leo kazi ilikuwa kukichukua kile kitongoji na kukikimbiza mbele na nyuma.

Nyuma: kile kipande cha sensa ya 1821. Mhesabuji alikuwa anaandika nyumba kwa nyumba, ina ghorofa ngapi, nani anaishi, umri, kazi, ekari. Nyumba yao ipo. Wenye nyumba wazee wawili, na humohumo kijana wa miaka 24 kibarua na mke wake kazi yake kusokota nyuzi za kitani, ndo hao wazazi wa babu yetu, bado hajazaliwa. Ubini ulioandikwa ni Smith.

Mbele: uthamini wa ardhi unaoitwa Griffith, ulifanyika nchi nzima kati ya 1847 na 1864 kwa ajili ya kodi. Kitongoji kina Smith wanne wenye jina la kwanza moja, karani akachoka akaanza kuwawekea lakabu kwenye mabano, huyu Roe, yaani mwekundu wa nywele, yule Oge, yaani mdogo. Mume wangu nywele zake ni nyekundu. Hatukusema kitu, tulimwangalia tu.

Sasa ukipanga: 1821 mbele ya serikali, Smith. 1828 mbele ya padri, Gowan. 1837 mbele ya padri, Smith. Kwenye kodi ya ardhi, Smith. Kumbe hawakubadili jina siku moja, walikuwa na majina mawili kwa wakati mmoja na kila moja lina mlango wake. Kwa mwenye ardhi na serikali unatoa hili, kanisani na kwa majirani unatoa lile. Na sio fikra zangu, mwaka 1890 Robert Matheson, wa ofisi kuu ya uandikishaji ya Ayalandi, alikusanya taarifa kutoka kwa wasajili wake kuhusu watu wanaotumia majina mawili kwa kupokezana, na Smith na McGowan wamo. Serikali ilijua kabisa.

Watu wengi ukiwauliza kwa nini majina yalibadilika watakutajia ile sheria ya 1465. Ipo kweli, Mfalme Edward wa nne, iliwaamuru Waayalandi wa Dublin, Meath, Louth na Kildare wachukue jina la Kiingereza, la mji kama Sutton au Trim, la rangi kama White au Brown, la kazi kama Smith au Carpenter, la cheo kama Cook au Butler, na asiyetaka anyang'anywe mali. Ni sheria mbaya na inafaa ikumbukwe. Ila mimi naona inabebeshwa mzigo usio wake, Cavan wakati ule haikuwa mikononi mwa Waingereza, sheria ya Dublin ingeifikaje? Hawa wetu jina lao lilitafunwa polepole baadaye, baada ya ardhi kuchukuliwa, mwenye ardhi mgeni, karani mgeni, mahakama lugha nyingine, na wewe unataka kupanga shamba. Hakuna aliyekuwekea panga shingoni. Unaulizwa tu jina nani, unaona uso wa mtu anayeuliza, unatoa lile litakalomaliza mambo haraka. Mimi mwenyewe kazini kwangu Marekani wananiita jina nusu na nimeacha kuwasahihisha, kwa hiyo naelewa.

Halafu njaa. Viazi viliungua na ugonjwa kuanzia 1845, mpaka 1852 watu kama milioni moja wamekufa na zaidi ya milioni wameondoka. Babu yetu kaondoka humo katikati, kijana wa miaka ishirini na kitu, jina alilopanda nalo meli ni lile la kwenye karatasi za mwenye ardhi.

Usiku hotelini nikafungua 1901 kwa kitongoji, sio kwa ubini. Nyumba ipo, Smith, ukoo wa kaka yake aliyebaki. Nikafungua 1911. Kitongoji kilekile, baba yuleyule miaka kumi zaidi, mke yuleyule, watoto. Fomu ile mwenye nyumba ndo anaijaza mwenyewe na kusaini chini. Saini yake: Mac Gabhann. Fomu nzima kwa Kiayalandi! Toka 1893 kulikuwa na chama cha kufufua lugha, Douglas Hyde na wenzake, na watu wengi walianza kurudisha Mac zao na Ó zao. Huyu alikuwa mmoja wao. Mkono wake mzito, unaona alivyokandamiza kalamu kwenye G.

Na kwenye safu ya mama, maana sensa ya 1911 iliuliza hivyo: miaka ya ndoa 31, watoto waliozaliwa 9, walio hai 6. Hapo nilifunga kompyuta kidogo.

Siku ya sita, kitongojini

Tumekodi teksi. Dereva anajua njia zote, akauliza mnamtafuta nani, mzee akasema Smith, dereva akasema Smith yupi maana huku tukisema Smith bado hatujasema kitu.

Alituteremsha kwa bibi mmoja ana zaidi ya miaka 80, nyumba ya kwanza kitongojini. Mwanzo alisimama mlangoni na tahadhari, wageni watatu, mmoja mweusi, mvua inanyesha. Mzee akavua kofia akamwambia mama samahani, babu wa babu yangu alizaliwa hapa, tunaitwa Smith. Yule bibi akamtazama usoni, akamtazama mume wangu kichwani, akasema, "Nyie ni Gowan wa juu." Akaufungua mlango wote.

Hivyo tu. Karatasi za serikali zinasema Smith toka 1821, zimerudi Mac Gabhann 1911, ila kwenye midomo ya majirani hawajawahi kuwa kitu kingine. Wa juu ni kwa sababu nyumba yao ilikuwa juu kilimani na kulikuwa na Gowan wengine wa chini ziwani. Wa mwisho alikufa bila mtoto miaka ya 1960, yeye bibi alienda mazishini akiwa binti.

Tulipewa chai na mkate wa kahawia wenye siagi nyingi. Mimi akaniuliza natoka wapi, nikamwambia, akaniuliza na nyie mna majina ya namna hiyo? Nikamwambia bin na binti, akacheka akapiga paja, akasema sawasawa kabisa na sisi.

Halafu akatupa gumbuti tukapanda. Goti la mzee, tope, ng'ombe wanatutazama. Juu kuna kuta nne za mawe hazina paa, mti wa miiba umeotea ndani katikati ya chumba unachanua maua meupe. Meko bado imesimama, mawe yake meusi kwa ndani, na kile chuma cha kutundikia vyungu juu ya moto kimo bado, kimepinda. Mzee alikishika. Alikishika kwa muda mrefu bila kusema, sisi tukatoka nje tukamwacha. Alipotoka kiganja chote kilikuwa chekundu kwa kutu, nikampa kitambaa akakataa, na chakula cha jioni kakila kwa mkono wa kushoto.

Kwa wanaojua hesabu zetu, yeye kwa yule aliyeondoka ni kilembwe, mume wangu ni kilembwekeza. Nimemwambia mzee hayo maneno, akaniomba nimwandikie.

Siku ya saba, kurudi Dublin

Asubuhi kabla ya basi mzee akataka turudi kwa yule bibi mara moja tu. Nilidhani kasahau kitu. Akatoa simu, akamwomba kwa heshima, mama nisaidie, litamke jina letu kama alivyolitamka baba yako. Bibi akafuta mikono kwenye aproni, akasogea karibu na simu, akatamka. Akarudia. Mara ya tatu polepole, kipande kipande, anamwangalia mdomo kama anamfundisha mtoto.

Kwenye basi mzee kakaa dirishani na simu sikioni. Anasikiliza, anajaribu kwa sauti ndogo, anasikiliza tena. Dada wa kiti cha mbele akageuka, akadhani tunaongea naye, akamsahihisha hapo kwenye "gau", mzee akashukuru akaendelea. Mume wangu naye akaanza. Tumepita Kells hivyo hivyo, na tulipofika Navan simu ikawa na asilimia 4, akaniomba chaja.